Jeraha Limepona, Maumivu Yangaliko

Mfikirie baba mmoja wa kijiji kama chako. Jumapili kanisani huketi mwisho wa benchi, upande wa mlango, na mahubiri yakiwa marefu huondoka akasimama nje chini ya mwembe. Watu husema ana mgongo. Baiskeli yake, aliyokuwa akipakia magunia ya mkaa mpaka sokoni, amempa mwanawe. Yeye siku hizi huenda kwa miguu. Shambani hulima asubuhi, lakini jua likianza kupanda huketi kivulini, mkono wake chini ya kitovu. Mke wake ameacha kumwuliza, maana kila akiuliza hujibiwa kwa ukali. Usiku hulala wamepeana migongo.

Mgongo wake ni mzima kabisa. Miaka miwili iliyopita alikwenda mjini akafungwa uzazi, yaani alikatwa mirija ya mbegu, akaambiwa ya kwamba atasikia maumivu siku mbili tatu kisha atarudi kwenye jembe lake. Jeraha likapona upesi, hata kovu ni shida kuliona. Lakini maumivu hayakwenda zake.

Baba huyu ni wa mfano tu. Walakini wanaume wenye hali yake wako kweli, na kama kijijini kwenu yupo mmoja, huenda hakuna ajuaye ila yeye na mkewe. Leo nataka kusema na huyo, na mke wake, na pia yule ambaye bado hajaenda ila anafikiri kwenda.

Najua wengine watauliza kwa nini jambo hili liandikwe hapa. Neno la Kanisa juu ya kufunga uzazi mnalijua. Papa Paulo VI alilieleza wazi katika barua yake ya mwaka 1968, wala sina haja ya kulirudia. Lakini nimesikia watu wakisema juu ya mgonjwa wa namna hii, "Alijitakia mwenyewe, na aumwe." Maneno hayo si ya Kanisa. Mtu akianguka mnazini, awe alipanda kuangua nazi zake au kuiba za jirani, mguu huvunjika namna ile ile, na hospitali humfunga kwa bandeji ile ile. Habari ya nazi itazungumzwa mahali pake. Dhambi ina mahali pake pa kutibiwa, na ugonjwa una pake. Padre hawezi kutoa dawa ya mshipa wa fahamu, wala daktari hawezi kutoa maondoleo. Anayeumwa ana haki ya kwenda kote kuwili.

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani kilichofanywa mwilini. Mwanamume ana kokwa mbili ndani ya mfuko wake, na humo mbegu za uzazi hutengenezwa kwa mamilioni kila siku. Mbegu zikitoka katika kokwa huingia katika mrija mwembamba sana uliojikunjakunja nyuma yake. Mrija huo ungeweza kuukunjua na kuunyosha ungepata urefu wa mita 6 hivi, nao umekunjwa ukaenea mahali padogo kuliko kidole chako. Humo ndimo mbegu hukomaa. Kisha hupita katika mrija wa pili, mgumu kidogo, unene wake milimita 2 au 3, ambao hupanda kutoka mfukoni, huingia tumboni, na kufika karibu na kibofu cha mkojo. Mrija huu wa pili ndio unaokatwa. Daktari hutia dawa ya ganzi, hutoboa ngozi, huutoa mrija, huukata, na ncha zake huzifunga au huzichoma. Kisha huurudisha mahali pake, na upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi kazi yote huisha kwa nusu saa. Namna ya kutoboa tundu dogo bila kupasua kwa kisu ilibuniwa na daktari Li Shunqiang katika nchi ya China mwaka 1974, na imeenea mahali pengi kwa sababu damu hutoka kidogo na maumivu huwa machache.

Hapa sisi tuliozoea ng'ombe hukosea. Tumeona dume akibanwa kwa koleo, na mishipa yake ya damu ikapondwa, kokwa zikanywea, na fahali akawa maksai. Basi mtu akisikia kwamba fulani amefungwa uzazi, humcheka moyoni na kumwita maksai. Sivyo hata kidogo. Mishipa ya damu ya mwanamume huyo haikukatwa. Kokwa zake zi hai, na ile nguvu inayomfanya awe na ndevu na sauti nzito na hamu ya mkewe hupita kwa njia ya damu, si kwa njia ya mrija uliokatwa. Hata mbegu zaendelea kutengenezwa kama zamani, ila zikifika mwisho wa mrija hukuta pamezibwa, zikafa, na mwili ukazinyonya. Mambo haya nayasema si kwa kusifu kazi yenyewe, bali kwa sababu kicheko hicho ndicho kinachowafunga wagonjwa midomo. Nani atakayesema, "Naumwa mahali nilipokatwa," akijua ya kwamba kijiji kizima kitamwita maksai?

Sasa tuje kwenye maumivu. Baada ya kukatwa, kila mtu huumwa. Mfuko huvimba kidogo, ngozi hugeuka rangi, na mtu hutembea kwa kuchanua miguu siku chache. Hayo si ya ajabu, nayo huisha kwa juma moja au mawili. Maumivu ninayoyasema mimi ni mengine. Madaktari huyahesabu kuwa ya kudumu yakizidi miezi 3. Wengine huumwa daima, kama jino bovu. Wengine huja na kwenda. Wengine huumwa wanapoketi muda mrefu, au wanapobeba mzigo, au baada ya kulala na mke, na hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi nyumbani bila mtu kutaja sababu. Wapo ambao hawakuumwa kabisa mwanzoni, ila maumivu yakawaanza baada ya miaka.

Je, ni wangapi? Chama cha madaktari wa njia za mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, kilisema kwamba maumivu ya kudumu yanayomharibia mtu raha ya maisha huwapata watu 1 mpaka 2 katika kila 100 waliofungwa. Huko Uingereza madaktari waliwauliza watu wao baada ya miezi 7, wakachapisha majibu mwaka 2007: karibu watu 15 katika 100 walisema wanasikia maumivu ambayo hawakuwa nayo zamani, lakini waliosema kwamba ni makali hasa hawakufika mtu 1 katika 100. Basi, ukiwa mwenye haki, utaona mambo mawili pamoja. Wengi mno hupona wakasahau. Na wachache hawaponi. Mtu 1 katika 100 ni mdogo katika hesabu, lakini kama huyo ndiye mume wako, hana sehemu ya mia, anaumwa mzima.

Mimi nadhani kosa kubwa limefanywa kwa kusema jambo la kwanza na kulificha la pili. Tena wako wengine wanaosema la pili tu, ya kwamba kila aliyekatwa huharibika, nao husema uwongo. Mkulima anaambiwa ukweli wa mbegu anayonunua, kwamba katika debe zima punje kadhaa hazitaota. Kwa nini asiambiwe ukweli wa mwili wake?

Kwa nini jeraha lipone na maumivu yabaki? Sababu si moja. Wewe uliyepata kuchimba mfereji wa kuleta maji shambani utaielewa ya kwanza upesi. Ukiziba mfereji chini bila kufunga maji juu, maji hujaa, na kingo huanza kuvimba na kutoa unyevu. Ndivyo ilivyo kwa ule mrija wa mita 6. Mbegu zaendelea kuja, njia imefungwa, mrija unajaa na kuvuta, na mtu husikia uzito na maumivu nyuma ya kokwa, zaidi baada ya tendo la ndoa. Kwa watu wengi mwili hunyonya zile mbegu upesi, hata hawasikii kitu. Kwa wachache haufui dafu.

Sababu ya pili ni kivimbe. Mbegu zikivuja mahali palipokatwa, mwili huzipigana kama mgeni asiyejulikana, ukazizungushia ukuta, pakawa na kivimbe kama punje ya mahindi. Vivimbe hivyo huwapata wengi na mara nyingi haviumi. Vingine huuma sana vikiguswa, hata suruali ikikwaruza.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Pembeni ya mrija hupita mishipa ya fahamu, myembamba kama nyuzi. Pengine mmoja huguswa katika kazi, au hunaswa katika kovu linapokauka, kama mzizi ulionaswa kati ya mawe. Mshipa uliojeruhiwa hivyo waweza kuendelea kupeleka habari ya maumivu ubongoni ingawa hakuna tena kidonda. Mgonjwa husikia kuchomwa, au umeme, ukipanda mpaka kinenani, tumboni, au ndani ya paja. Daktari akitazama haoni wekundu wala uvimbe. Hapo ndipo mgonjwa huambiwa, "Huna kitu," akarudi nyumbani na aibu mara mbili. Bali ana kitu. Maumivu ya mshipa wa fahamu ni maumivu ya kweli, ingawa macho hayayaoni.

Sababu ya nne ambayo utaisikia kijijini, kwamba amerogwa au kwamba Mungu amempiga, usiipokee. Mtu akiipokea hupeleka mbuzi kwa mpiga ramli, na mbuzi akishaliwa maumivu yako pale pale. Wengine huchanjwa chale mahali penyewe na kupakwa dawa za unga. Huo ni mlango wa usaha, na usaha huongeza kovu, nalo kovu ndilo adui wetu.

Lakini angalia, si kila maumivu ya mahali hapo yameletwa na kufungwa uzazi. Mtu aliyefungwa aweza kushikwa na busha kama mwingine, hasa sisi wa pwani ambako mbu hueneza vijidudu vyake. Aweza kupata ngiri kwa kunyanyua mizigo. Mawe ya figo hutuma maumivu mpaka kwenye kokwa ingawa ugonjwa wenyewe uko juu kiunoni. Kifua kikuu huweza kuingia humo, na magonjwa ya zinaa pia, na saratani, ambayo mara nyingi huanza kama kivimbe kigumu kisichouma cho chote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya daktari ni kutafuta, wala usichoke akikupima mkojo, na kukuuliza maswali usiyoyapenda, na kukugusa. Asipokugusa, mwombe akuguse.

Tena ziko hali ambazo hazingoji. Maumivu makali yakikushika ghafula upande mmoja, na kokwa ikapanda juu, pengine na kutapika, hiyo yaweza kuwa kokwa iliyojisokota na kukatiwa damu. Muda wake ni saa 6 hivi tu. Baadaye yaweza kufa. Huwapata vijana zaidi, waliofungwa na wasiofungwa, basi hata mwana wako akishikwa hivyo, usingoje kuche. Kadhalika homa pamoja na uvimbe mwekundu wa moto, au mfuko unaovimba haraka baada ya kukatwa. Hapo kodi pikipiki, azima gari la mtu, nenda.

Sasa huyu wa maumivu ya siku nyingi atafanywa nini? Atibiwe kwa hatua, toka iliyo nyepesi, na asikubali mtu amrushe mpaka ya mwisho. Hatua ya kwanza haina gharama kubwa: chupi ya kubana, inayoushikilia mfuko usining'inie, ivaliwe mchana kutwa, hasa kazini. Maji ya uvuguvugu ya kukalia kwenye beseni jioni. Kupumzika baiskeli kwa muda. Tabibu wa zahanati aweza kutoa ibuprofeni kwa majuma kadhaa, lakini mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amwambie kwanza, na mtu asijinunulie dukani kila siku mwaka mzima. Dawa hiyo ikizidi hutoboa tumbo.

Hiyo isiposaidia, iko dawa ya mishipa ya fahamu. Daktari aweza kukupa amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini. Nakuonya mapema, kwa sababu wengi huzitupa njiani. Amitriptilini ilitengenezwa kwa wagonjwa wa huzuni nzito, na jirani aliyesoma akiiona atakwambia, "Wamekupa dawa ya wazimu." Hujaitwa mwenda wazimu. Dawa hiyo, kwa kipimo kidogo, hutuliza mishipa inayopiga kelele bure. Huleta usingizi na ukavu wa mdomo, nayo haifanyi kazi siku moja, yataka majuma. Usiimeze pamoja na pombe.

Katika hospitali kubwa daktari aweza kupiga sindano ya ganzi katika ile kamba inayoshuka kwenye kokwa, ambamo mishipa yote imefungwa pamoja. Sindano hiyo ina faida mbili. Hutuliza, pengine kwa saa chache, pengine kwa majuma. Tena humwonyesha daktari njia: maumivu yakiondoka kwa sindano, ajua kwamba chanzo kiko humo, na upasuaji waweza kufaa. Yasipoondoka, atafute mahali pengine, kabla ya kumkata mtu bure.

Ama upasuaji, uko wa namna kadhaa, nao ni wa wachache waliojaribu mengine yote. Kivimbe kinachouma chaweza kuondolewa. Mishipa midogo ya fahamu yaweza kukatwa kwa kutumia darubini, mishipa ya damu ikiachwa salama; kazi hii hutaka fundi hasa, na mahali penye fundi wake ni pachache. Ule mrija uliojaa nyuma ya kokwa waweza kuondolewa. Na kuondoa kokwa yenyewe ni jambo la mwisho kabisa. Mtu akikuambia siku ya kwanza kwamba dawa yako ni kuondolewa kokwa, mshukuru, vaa viatu vyako, ukatafute daktari mwingine. Maana wako walioondolewa, na maumivu yakabaki vile vile.

Nimeacha namna moja kwa makusudi, maana inahusu nyumba yote. Mirija iliyokatwa yaweza kuungwa tena. Daktari huzitafuta ncha mbili, hukata sehemu iliyofungwa, na kuziunganisha kwa uzi ambao jicho halioni vizuri bila darubini. Kwa wale ambao maumivu yao yaliletwa na kujaa kwa mrija, wengi wamepata nafuu kwa njia hii. Ni kama kuufungua ule mfereji. Ni kazi ya saa kadhaa, ni ya gharama, wala si kila mahali inapatikana. Lakini kumbuka: njia ikifunguka kwa maumivu, yaweza kufunguka kwa mtoto. Haiwi hivyo daima, na miaka ikipita mingi nafasi hupungua, lakini huwa. Basi mume asiende peke yake kimya kama pengine alivyokwenda mara ya kwanza. Waketi wawili, waseme: tukipata mtoto mwingine, tutamlea vipi? Kama hali ya mama haimruhusu kuzaa, daktari na aambiwe hilo kabla, na wajifunze kuzihesabu siku za mama kwa mtu anayejua.

Nawe mama, neno moja kwako. Mume wako akikukwepa usiku, wazo la kwanza linalokujia ni kwamba ana mwingine. Huenda ni hivyo, mimi si malaika wa kuapa. Lakini kama alifungwa uzazi, muulize kwa upole swali ambalo hajaulizwa: "Je, baada yake huumwa?" Mwanamume aliyefundishwa tangu jandoni asilie, hawezi kulianza neno hilo mwenyewe. Akikiri, usimwambie, "Si nilikukataza." Hata kama ulimkataza. Na kama wewe ndiwe uliyemsukuma aende, usijibebeshe mzigo wote; wala wewe hukuambiwa. Mtu mwenye maumivu ya mwaka mzima hukosa usingizi, akawa mkali, akapenda pombe, na wako wanaofikia kuchoka na maisha. Ukisikia anasema afadhali kufa, usiyachukue kama mzaha. Usimwache peke yake siku hiyo, na umpeleke hospitali hata kama mahindi hayajavunwa.

Kwa yule ambaye bado hajaenda, sitakaa sana. Kazi hii inafanywa karibu nasi. Nchini Rwanda madaktari walianza kufundishwa kwa wingi mwaka 2010 na kuipeleka wilayani. Mkoani Kigoma watu waliulizwa habari zake, na utafiti ukachapishwa mwaka 2007: ilionekana kwamba mke ana sauti kubwa katika shauri hili, kwamba dini huwazuia wengi, na kwamba wengi hawakuelewa vema kitu chenyewe. Hili la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mtu asiyeelewa huitikia ndiyo kwa heshima ya koti jeupe.

Tena historia yatuonya. Katika jimbo la Indiana huko Marekani, sheria ya mwaka 1907 iliruhusu kuwakata kwa nguvu watu walioitwa hawafai kuzaa. Huko India, katika mwaka mmoja wa hali ya hatari, 1976 kuingia 1977, wanaume zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi, wengi kwa kusukumwa, maana kila wilaya ilipewa hesabu ya kutimiza. Mahali wanapohesabiwa waliokatwa, ni nani atakayehesabu wanaoumwa? Ndiyo maana nasema, ukialikwa kwenye kambi ya namna hiyo na ukaahidiwa zawadi, zawadi ile ikutie mashaka. Na ukienda kwa daktari kwa hiari yako, maswali yako ya haki ni haya: maumivu ya kudumu huwapata wangapi, nikipatwa nitarudi kwa nani, na huyo mtu yuko umbali gani na kwetu? Asiyeweza kujibu hilo la mwisho hajawa tayari kukukata.

Narudi kwa baba yetu wa mwisho wa benchi. Bwana, tafuta kalamu na ukurasa wa daftari la mtoto. Andika mwezi na mwaka uliofungwa, na mwezi maumivu yalipoanza. Andika upande, kulia au kushoto au kote kuwili. Kwa majuma mawili, kila jioni andika hesabu toka 0 mpaka 10, 0 ikiwa ni kutoumwa kabisa, na pembeni yake andika ulifanya nini siku ile: ulilima, ulipanda baiskeli, ulilala na mkeo, ulikaa kikaoni. Andika na dawa ulizokunywa, pamoja na za miti shamba, usifiche. Ukifika hospitali, ukiona haya kusema mbele ya muuguzi kijana, mpe daktari ule ukurasa auisome mwenyewe. Akisema huna kitu, mwulize kwa adabu, "Je, siwezi kuwa na maumivu ya kudumu ya baada ya kufungwa uzazi?" na umwombe akuandikie barua ya kwenda kwa daktari wa njia za mkojo katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Mkeo na aende pamoja nawe, hata kama atangoja barazani. Na ile karatasi uliyopewa siku ya kukatwa, kama ingaliko sandukuni, ichukue pia. Ikiwa imepotea, nenda hivyo hivyo.